Ukaguzi wa Kila Siku wa Trekta la Kulimia

Trekta la kulimia hutofautiana na lori katika jambo moja ambalo wamiliki wengi hulisahau, nalo ni kwamba kazi yake haiwezi kupimwa kwa kilomita. Injini ya lori hupata nafuu kila gari linapoteremka mlima au kusubiri kwenye foleni, ilhali trekta lenye jembe la sahani tatu hutambaa shambani kwa mwendo wa kilomita tano hadi saba kwa saa tangu alfajiri hadi machweo, injini ikiwa imebeba mzigo karibu wakati wote, huku vumbi linalotimuliwa na magurudumu likivutwa na feni kuelekea kwenye rejeta. Kwa sababu hiyo matengenezo ya trekta hupangwa kwa saa za injini, ambazo huhesabiwa na mita ya saa iliyo kwenye dashibodi. Katika matrekta ya zamani, kama Massey Ferguson 135 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, mita hiyo huendeshwa na injini yenyewe, hivyo saa moja ya mita hulingana na saa moja ya kawaida pale tu injini inapozunguka kwa kasi ya kazi. Injini ikinguruma polepole, mita nayo huhesabu polepole. Mita za elektroniki za matrekta mapya huhesabu muda halisi, na dereva aliyezoea aina moja anapaswa kulijua hilo anapohamia nyingine.

Vitabu vya watengenezaji hugawa matengenezo katika ngazi ambazo hazitofautiani sana: saa 10, ambazo kwa vitendo ni kila siku ya kazi, saa 50, ambazo msimu ukipamba moto ni kila wiki, saa 250, ambapo kwa kawaida oili ya injini hubadilishwa pamoja na filta yake, kisha saa 500 na 1,000, ambazo ni kazi ya fundi mwenye vifaa kamili. Mwongozo huu unahusu ngazi ya kwanza na kuigusa ya pili, kwa kuwa hizo ndizo zilizo mikononi mwa dereva na utingo wake, na ndizo zinazoachwa mara nyingi zaidi. Pale ambapo kitabu cha trekta husika kinatofautiana na maelezo haya, kitabu ndicho kifuatwe.

Hoja inayouongoza ukaguzi wote ni kwamba trekta haliharibiwi sana na kazi yenyewe, bali na vitu vinavyoingia mahali visipostahili kuwapo: vumbi katika njia ya hewa, maji katika dizeli, mchanga katika oili na grisi. Dereva aliyelielewa hilo hana haja ya kukariri orodha ndefu, kwa sababu kila anapofungua kifuniko hujiuliza swali lile lile, yaani nini kimeingia na kimepitia wapi. Historia ya kilimo cha mashine nchini Tanzania inao mfano mkubwa wa gharama ya kulipuuza swali hilo. Mradi wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, ulianzia Kongwa kwa matrekta mengi yaliyonunuliwa yakiwa yameshatumika, mengine yakiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nayo yakaingizwa porini kabla ya karakana na vipuri kuwa tayari. Udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kupindukia, uliyala majembe, na mwaka wa kwanza haujaisha sehemu kubwa ya mashine hizo ilikuwa imesimama. Mradi huo ulikuwa na makosa mengine mengi, ya mipango na ya kutoujua mwenendo wa mvua, lakini hili la mashine lingeweza kuonekana mapema na mtu yeyote mwenye spana na daftari.

Kabla ya injini kuwashwa

Ukaguzi wa asubuhi hutegemea mahali trekta lilipolala. Liegeshwe mahali tambarare, jembe likiwa limeshushwa chini, breki ya mkono ikiwa imevutwa na funguo zikiwa zimetolewa. Na kama upo uwezekano wa kuchagua, ardhi ya chini yake iwe kavu na safi, kwa sababu jambo la kwanza la kutazamwa alfajiri ni ardhi hiyo. Doa jeusi chini ya injini ni oili. Doa jekundu au la rangi ya asali kuelekea nyuma ya trekta mara nyingi ni mafuta ya haidroli, yaani mfumo unaonyanyua jembe kwa mgandamizo wa mafuta. Unyevu usio na mafuta chini ya rejeta ni maji ya kupoozea. Na dizeli hujitambulisha kwa harufu kabla ya jicho kuiona. Doa dogo linalorudi mahali pale pale kila siku liandikwe, kwa maana uvujaji haujiponyi, na tundu linalotoa mafuta injini ikifanya kazi linaweza kuingiza vumbi injini inapopoa.

Kiwango cha oili ya injini hupimwa kabla ya kuwasha, au dakika kumi hivi baada ya kuzima, ili oili iliyo sehemu za juu ipate muda wa kuteremka. Kijiti cha kupimia, ambacho mafundi hukiita dipstiki, huchomolewa, kikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kikarudishwa hadi mwisho, kisha kikachomolewa tena na kusomwa. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili, na kuizidisha juu ya alama ya juu si ukarimu bali ni kosa, kwa kuwa krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huipiga oili iliyozidi ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Weusi wa oili katika injini ya dizeli usimtie dereva hofu, kwa sababu hutokana na masizi ambayo oili nzuri imetengenezwa ili iyabebe. Yanayotisha ni mambo mawili: oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili kwamba maji yamechanganyika nayo, na kiwango kupanda bila mtu kuongeza, ambako kunaonyesha kwamba dizeli au maji yanavujia ndani. Trekta lenye dalili mojawapo kati ya hizo lisiwashwe hata kwa safari fupi ya kwenda gereji, bali fundi aitwe lilipo.

Maji ya rejeta huangaliwa wakati huo huo, injini ikiwa bado baridi. Kifuniko cha rejeta hufunga kwa mgandamizo, na mgandamizo huo ndio unaoyawezesha maji kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka. Kikifunguliwa injini ikiwa na moto, maji hulipuka papo hapo yakawa mvuke na kumuunguza aliyekishika usoni na kifuani. Vilevile maji baridi yasimwagwe katika injini iliyopata moto kupita kiasi, kwa sababu chuma kinachopoozwa ghafla hupasuka. Kuhusu aina ya maji, kulanti, yaani maji maalumu yenye dawa ya kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha mchemko, ndiyo yanayofaa, na yakikosekana kwa dharura, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima, ambayo mara nyingi huwa na chumvi inayoganda ndani ya mirija ya rejeta na kuizuia isipitishe joto. Mbele ya rejeta napo pasafishwe. Makapi ya mpunga na mbegu za majani hujaza nafasi kati ya mapezi yake membamba, na njia sahihi ya kuyatoa ni kupuliza hewa au maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa feni kuelekea nje, kinyume cha njia iliyoyaingiza, bila kuyachokoa kwa bisibisi.

Njia ya hewa

Sehemu hii inastahili muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo inayoamua injini itaishi saa ngapi kabla ya kufunguliwa. Injini ya lita nne inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta zaidi ya lita 3,000 za hewa kila dakika, kiasi ambacho katika siku ya kazi ya saa nane huzidi lita milioni moja, na hewa yote hiyo hutoka katika wingu la vumbi linaloizunguka mashine. Vumbi la shambani lina chembe za silika, yaani madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda, hivyo chembe zikipita huisaga silinda na ringi za pistoni taratibu, bila mlio na bila dalili, mpaka siku injini itakapoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Siku hiyo marekebisho huwa ni ya injini nzima.

Matrekta mengi ya sasa hutumia filta kavu za karatasi, mbili zikiwa zimevishana: ya nje, inayofanya kazi kubwa, na ya ndani, ambayo ni ya tahadhari endapo ya nje itatoboka. Chini ya kasha la filta hizo huwa kuna mdomo wa mpira unaokusanya vumbi zito, na kazi ya kila siku ni kuubana kwa vidole vumbi lidondoke, kisha kuutazama kama umepasuka au umekauka, kwa maana mdomo uliopasuka huingiza kile ulichowekwa ili ukitoe. Filta ya nje husafishwa pale tu kiashirio cha mzibo, ambacho ni kidirisha kidogo kinachogeuka chekundu, kinapoonyesha hivyo, au mtengenezaji anapoelekeza. Madereva wengi wenye bidii hukosea hapa kwa kuifungua kila asubuhi na kuigonga kwenye tairi: kila kasha linapofunguliwa vumbi fulani huingia upande safi, na kila kipigo hukunja karatasi au kuachanisha gundi yake. Pale inapobidi kusafishwa, filta ipulizwe kwa hewa kavu ya nguvu ndogo, isiyozidi pauni 30 kwa inchi mraba, kutoka ndani kuelekea nje, kisha taa iingizwe ndani yake mahali penye giza. Mwanga ukionekana kama nukta kali mahali popote, filta hiyo imetoboka na haifai tena. Filta ya ndani haisafishwi kamwe, bali hubadilishwa.

Jaribio rahisi la kujua kama mfumo mzima unaziba sawasawa ni kufungua bomba linalotoka kwenye kasha la filta kwenda kwenye injini, kuingiza kidole kilichofutwa vizuri na kukipitisha kwenye ukuta wa ndani. Kidole kikitoka na vumbi, hata la kuonekana kidogo tu, hewa chafu inapita mahali fulani, ama kwenye filta, ama kwenye kibanio kilicholegea, ama kwenye mpira wa bomba uliopasuka upande wa chini ambao macho hayaufikii. Jaribio hili lifanywe kila wiki na kila baada ya filta kubadilishwa.

Matrekta ya zamani hutumia kisafishaji cha oili, yaani bakuli lenye oili ambamo hewa hulazimishwa kupita ili vumbi linaswe. Bakuli hilo hufunguliwa kila siku wakati wa kiangazi, na oili inapokuwa nzito au tope linapotuama chini, yote humwagwa, bakuli likaoshwa kwa dizeli, likakaushwa na kujazwa oili mpya hadi alama iliyochorwa, isizidi hapo, kwa sababu oili iliyozidi inaweza kuvutwa na injini ikaungua kama mafuta ya kawaida na kuifanya injini izunguke kwa kasi isiyodhibitika hata dizeli ikiwa imefungwa.

Dizeli na maji

Pampu ya nozeli, ambayo huisukuma dizeli kwa nguvu kubwa hadi kwenye silinda, ina vyuma vinavyopishana kwa nafasi ya elfu chache tu za milimita, na hulainishwa na dizeli yenyewe wala si oili. Tone la maji linalofika hapo huondoa ulainishaji na kuanzisha kutu, na pampu ikishashika kutu bei ya kuitengeneza humfanya mmiliki akumbuke kila dumu alilolinunua njiani. Kinga ya kwanza ni kujaza tangi jioni badala ya asubuhi, kwa sababu tangi lililobaki nusu usiku kucha huwa na hewa yenye unyevu ambao hugeuka matone kunapopoa. Matone hayo huzama chini ya dizeli na ndiyo ya kwanza kuvutwa. Kinga ya pili ni kikombe cha kutenganisha maji kilicho chini ya filta ya dizeli, ambacho hufunguliwa kila asubuhi kabla ya kuwasha, wakati maji yakiwa yametuama, na kuachiwa kutiririka ndani ya chupa ya kioo mpaka dizeli safi itoke. Chupa ya kioo ni bora kuliko ardhi, kwa kuwa dereva huona mstari unaoyatenga maji na dizeli na kukadiria maji yaliyokuwamo. Maji yakiongezeka siku hadi siku, chanzo cha dizeli ndicho cha kuchunguzwa.

Katika mashamba ya mbali dizeli huhifadhiwa kwenye mapipa, na hapo kanuni ni kuliacha pipa litulie angalau siku nzima baada ya kusafirishwa, kisha kuvuta dizeli kwa bomba ambalo mdomo wake haufiki chini, ili uchafu ubaki kwenye pipa. Vyombo vilivyopakwa zinki, yakiwamo madebe ya mabati, havifai kuhifadhia dizeli, kwa kuwa zinki huingiliana nayo kikemia na kuacha utelezi unaoziba filta. Tangi likiisha kabisa shambani, hewa huingia katika mabomba na injini hukataa kuwaka hata baada ya kujazwa. Hapo parafujo ya kutolea hewa iliyo juu ya filta hulegezwa, pampu ndogo ya mkono hupigwa mpaka dizeli itoke bila mapovu, parafujo hukazwa, na zoezi hilo hilo hurudiwa kwenye pampu ya nozeli. Hasara ya muda inayotokana na zoezi hilo inatosha kumfundisha mtu yeyote kuitazama geji.

Mambo yanayopita haraka

Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya magurudumu yake mawili unapaswa kulegea kwa sentimita moja hadi mbili. Uliolegea zaidi huteleza na injini hupata moto, na uliobana mno huila beringi ya pampu ya maji. Maji ya betri huwekwa hadi yazifunike sahani za ndani kwa kiasi cha milimita 10, na kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa kwa kukenekwa, si asidi. Moto au sigara isisogezwe karibu, kwa maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Nati za magurudumu hukazwa kila wiki, na kwa gurudumu lililotoka kufungwa hukazwa tena baada ya saa chache za kazi. Upepo wa matairi ya nyuma kwa kazi ya shambani ni mdogo kuliko wageni wa trekta wanavyodhani, mara nyingi kati ya pauni 12 na 20 kwa inchi mraba kutegemea tairi na mzigo, kwa sababu tairi laini hushika udongo vizuri na halishindilii ardhi. Trekta linalokwenda kuvuta tela barabarani huongezwa.

Grisi huhitaji maneno zaidi kidogo. Vichuchu vya grisi, yaani vinundu vidogo vya chuma ambavyo grisi hupitishwa kwa bomba lake, vipo kwenye ekseli ya mbele, kwenye mikono ya usukani, kwenye mikono ya kunyanyulia jembe na kwenye vitovu vya sahani za jembe. Kila kichuchu lazima kifutwe kwanza, la sivyo mchanga uliokigandia husukumwa ndani pamoja na grisi, na hapo dereva anakuwa amepeleka tupa ndani ya beringi kwa mkono wake mwenyewe. Grisi hupigwa mpaka ile mpya itokeze pembeni na kuisukuma nje ile chafu, kisha iliyotoka hufutwa. Kichuchu kisichopokea grisi kiandikwe na kibadilishwe siku hiyo hiyo, wala kisirukwe kwa matumaini kwamba kesho kitafunguka.

Sehemu zinazoua

Ukaguzi wa trekta una upande mwingine, ambao ni kumlinda mtu mwenyewe, na hapa hakuna nafasi ya kuahirisha. Shafti ya kuendeshea zana, ambayo mafundi huiita piitiio na ambayo hutoka nyuma ya trekta kwenda kwenye mashine kama ya kupukuchua mahindi, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde moja. Pindo la kanga, mkono wa koti au kamba ya kofia ikinaswa, mtu hufungwa kwenye shafti kabla hata hajapata nafasi ya kupiga kelele. Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa, kifuniko cha plastiki kinachoizunguka shafti hiyo kizungushwe kwa mkono. Kinapaswa kuzunguka peke yake kikiiacha shafti imetulia, na minyororo yake midogo iwe imefungwa pande zote mbili. Kifuniko kilichopasuka au kilichotolewa ni sababu ya kutosha ya kutofanya kazi siku hiyo, na dereva anayekataa kazi kwa sababu hiyo hana kosa.

Mipira ya haidroli nayo hukaguliwa kwa macho na kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Mafuta yaliyo ndani yake huwa na mgandamizo mkubwa kiasi kwamba tundu lisiloonekana hutoa mchirizi unaoweza kupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo mno, kama la kuchomwa sindano, huku mafuta yakiwa yameshaingia ndani na kuanza kuharibu nyama. Aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja na aeleze waziwazi kwamba ni mafuta ya haidroli, kwa kuwa wanaocheleweshwa hupoteza vidole au mkono. Hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya jembe lililonyanyuliwa na haidroli peke yake. Liwekewe magogo au stendi.

Breki za trekta ni mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili dereva aweze kukata kona kali shambani kwa kuukanyaga upande mmoja. Kabla ya kuingia barabarani pedeli hizo lazima ziunganishwe kwa kibanio chake, kwa sababu breki ikishika gurudumu moja katika mwendo wa kasi trekta hupinduka. Trekta lenye fremu ya kumkinga dereva lisimponde linapobiringika hufungwa mkanda wa kiti wakati wote. Lisilo na fremu halifungwi mkanda, ili dereva aweze kuruka. Kuhusu kuwasha, tabia iliyoenea ya kusimama chini na kugusanisha vyuma vya stata kwa spana, kwa sababu swichi ni mbovu, imekwishaua watu katika nchi nyingi, kwani trekta likiwa kwenye gia huondoka papo hapo likiwa na mtu mbele ya gurudumu la nyuma. Swichi ya funguo ni kipuri cha bei ndogo na ibadilishwe.

Injini ikishawaka

Taa ya mgandamizo wa oili inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe bila kusubiri. Dakika tatu hadi tano za mwanzo injini ingurume bila mzigo ili oili isambae, na muda huo dereva autumie kutazama moshi wa ekzosi na kusikiliza. Moshi mweusi usioisha huonyesha dizeli nyingi kuliko hewa, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni filta ya hewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia ndani ya silinda. Jioni mpango hugeuzwa: injini huachwa ingurume kidogo kabla ya kuzimwa, hasa yenye tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, kwa sababu kifaa hicho hubaki na moto mkali na hutegemea oili inayozunguka ili kipoe.

Daftari na malipo

Yote yaliyoelezwa humchukua dereva aliyeyazoea muda wa nusu saa hivi, na hayahitaji vifaa vya gharama. Sababu ya kuachwa kwake basi haiko kwenye ujuzi. Katika maeneo mengi ya kilimo cha kukodisha dereva hulipwa kwa ekari alizolima, mteja husimama pembeni ya shamba akitazama mawingu, na mmiliki huishi mjini akiulizia idadi ya ekari kwa simu kila jioni. Katika mpango huo nusu saa ya asubuhi ni fedha inayotoka mfukoni mwa dereva kwa ajili ya mashine isiyo yake. Kumlaumu dereva kwa kuiruka ni kutotazama hesabu. Dawa ni daftari la kawaida lenye safu za tarehe, saa za mita, oili na maji yaliyoongezwa, maji yaliyotolewa kwenye dizeli, vichuchu vilivyokataa grisi na jambo lolote lisilo la kawaida, likijazwa kila siku na dereva kwa mwandiko wake. Oili inayoongezwa ikipanda kutoka nusu lita kwa wiki hadi lita mbili, kurasa zitaonyesha hivyo mapema, wakati fundi bado anaweza kufanya kazi ndogo kabla ya msimu kuharibika.

Mmiliki na aihesabu nusu saa hiyo katika malipo ya kila siku kama anavyohesabu ekari, amkabidhi dereva daftari, bomba la grisi, chupa ya kioo na dumu la oili kabla trekta halijaondoka nyumbani, na kila mwisho wa wiki aulize kwanza kilichoandikwa, ndipo aulize zimelimwa ekari ngapi.